Bibi Arusi wa Kilima cha Ndembwa

Enzi zile bunduki zilipokuwa bado uvumi kutoka pwani, nchi ya Undembwa, katika nyanda za juu za kusini, ililindwa kwa mikuki, ngao za ngozi ya nyati na jiwe moja la kusagia.

Jiwe hilo liliitwa Bibi Arusi. Kila mwaka baada ya mavuno, vijana waliotaka kuwa askari wa mtemi walilipandisha kutoka mtoni hadi kileleni kwa machela ya mianzi, wawili wawili kwa zamu. Wabebaji walipaswa kuimba njia nzima, maana bibi arusi hasindikizwi kimya. Wala hakutakiwa kugusa ardhi. Akigusa, kundi zima lilirudi mtoni, na aliyemwangusha mara ya tatu alirudisha ngao akaenda kuchunga ndama.

Kiswaga alikwisha kumwangusha mara mbili. Aliionea haya sauti yake. Kila alipoumeza wimbo, hatua nazo zilimpotea.

"Miguu yako ni mizima, mwanangu," jemadari Mhongole alimwambia. "Woga wako uko kooni. Anayeimba hana nafasi ya kusikia magoti yake yakilalamika."

Lugendo, mwenzake wa machela, alikuwa na ushauri mfupi zaidi. "Imba hata kama fisi. Bibi arusi mwenyewe ni kiziwi."

Basi siku ya mwisho Kiswaga aliimba. Aliimba vibaya mno, hata wenzake kumi na mmoja wakacheka mpaka machozi, na kwa kicheko hicho mlima ukawa mfupi. Walikuwa wamefika kwenye korongo jembamba chini ya kilele pembe ilipolia bondeni.

Wavamizi wa Usenye, kama arobaini hivi, walikuwa wakiipanda njia ileile kuelekea zizi la ng'ombe wa mtemi. Vijana walikuwa na ngao tu. Mikuki hutolewa kileleni, na huko ndiko Mhongole alikowangoja na askari wake.

Kiswaga akalitazama jiwe. Lugendo akayaona macho yake.

"Usithubutu. Hii itakuwa ya tatu."

"Najua kuhesabu, ndugu yangu."

Akamwomba Bibi Arusi radhi, kisha akainua upande wake wa machela. Jiwe likaporomoka kwa ngurumo, likikokota mawe mengine. Wavamizi wa mbele wakatupa ngao wakawaangukia wa nyuma. Nyuma ya vumbi wakashuka vijana kumi na wawili, ngao bega kwa bega, wakiimba wimbo wa arusi, na Kiswaga akiongoza. Wasenye hawakuwahi kuona watu wanaokwenda vitani kwa nyimbo za arusi. Wakadhani nyuma ya vijana hao kuna jeshi zima, wakakimbilia mtoni na kuiacha mikuki yao njiani.

Mhongole aliposhuka na watu wake, aliuliza nani amemwangusha Bibi Arusi. Kiswaga akaiweka ngao yake chini. Hakuna aliyecheka sasa.

"Sheria hii haikuwekwa kulilinda jiwe," jemadari akasema taratibu. "Iliwekwa ili nimjue anayeliachia kwa uchovu. Ulikuwa umechoka?"

"Hapana, jemadari. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuufurahia wimbo."

Mhongole, ambaye hakuna kijana aliyewahi kuyaona meno yake, akacheka. Akaiokota ngao, akamvika Kiswaga mkononi.

"Lakini ardhi ameigusa," akasema. "Twendeni mtoni."

Akashika mwenyewe upande mmoja wa machela, Kiswaga upande wa pili. Siku hiyo askari wote wa Undembwa, wapya na wakongwe, walimsindikiza Bibi Arusi mpaka kileleni, nao wanawake wakawapokea kwa vigelegele na pombe ya ulezi.

Jina la kiongozi wa Wasenye limesahauliwa. Lililobaki ni jiwe lililomeguka pembe moja, na wimbo ambao Wandembwa huuanza kwa sauti iliyopinda. Mgeni akiuanza vizuri, humsahihisha.