Ubao Nyuma ya Spika

Suruali yangu ilipasuka nilipoinama kuchungulia nyuma ya spika ya Mwaniki. Ilipasuka kwa mlio, mbele ya mkewe Lorna, na mimi nilikuwa nimetoka tu kujisifu vile nimetengeneza redio za baa kutoka Maua hadi Lubumbashi. Lorna alinitupia leso bila hata kutabasamu. Hapo ndipo iliponipasa kushtuka. Mke wa rafiki yako asipocheka suruali yako ikipasuka, jua nyumba hiyo ina jambo.

Ilikuwa jioni, giza likianza kuteremka kutoka mlimani. Mwaniki alikuwa amenisimamisha sokoni Runyenjes akaniomba nipitie kwake. Stima ilimfikia mwaka wa tisini na nne, naye akanunua stereo kabla ya kununua hata kochi.

"Besi imezidi, Njagi," aliniambia. "Na haiko sawa. Hapa kwa kiti hakuna kitu. Pale kwa ule mlango inatingisha mpaka meno."

"Umeiweka kwa kona, ndugu yangu. Kuta zinaiongezea nguvu. Hata mimi nikiimba bafuni nasikika kama kwaya nzima."

Hakuna aliyecheka.

Niliivuta spika hadi katikati ya sebule, nikaweka kaseti, nikazunguka polepole nikitega sikio, leso kiunoni kama mama wa kuuza ndizi. Kwenye kiti, sawa. Dirishani, sawa. Nilipoukaribia ule mlango uliofungwa...

Ndu.

Hiyo haikuwa ya wimbo.

Ndu... ndu.

Nikazima stereo.

Ndu.

Ukuta ulikuwa wa mbao. Nilipapasa pale spika ilipokuwa imeegemea, nikakuta ubao mmoja umelegea, misumari imetoka nusu, kama uliosukumwa kutoka upande wa pili.

"Ugonjwa ni huu," nilisema. "Ubao unacheza, unaongeza besi. Huko ndani ni kwa nani?"

"Kwa mama mkwe," Lorna alinong'ona. "Marehemu Ciakuthii. Ulimi ulikuwa umepooza. Akitaka maji, aligonga hapo na mkongojo."

"Na nyinyi mlifanya nini?"

Aliitazama spika.

Sikuuliza tena kwa nini iliwekwa kona ile.

Nilifungua mlango. Harufu ilinipiga usoni... mkojo wa zamani, dawa ya kuchua, na mbao mbichi. Juu ya kitanda cha marehemu alilala mtoto wa kike, wa miezi tu, uso ukutani. Hakuwa analia. Alikuwa anagonga ubao kwa ngumi. Ngumi ndogo kama limau.

Lakini ule ubao ulikuwa na mashimo. Mashimo ya ncha ya mkongojo. Na mengine yalikuwa mapya, mti bado mweupe ndani.

"Huyo ndiye Ciakuthii wetu," Lorna alisema nyuma yangu. "Tulimpa jina la nyanya yake, si unajua desturi. Tangu azaliwe hajalia. Anagonga tu."

Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Lete maji, Lorna."

Alimtazama mumewe mlangoni. Hakusogea.

Basi nilichukua sebuleni chai niliyoandaliwa, iliyokwisha kupoa, nikachovya pembe ya leso, nikamwekea mdomoni. Alinyonya kwa pupa. Kisha akanishika kidole. Nimesalimiana na wapakuzi wa bandarini Mombasa, watu wa kubeba magunia, na hakuna aliyewahi kunibana hivyo. Kidole hiki hadi leo hakikunjiki vizuri.

Hakunitazama mimi. Alimtazama Mwaniki. Kwa muda mrefu. Kama mtu anayemfahamu tangu alipokuwa mtoto.

"Mwaniki," nikasema, "kwa desturi yetu huyu binti ni mama yako. Mwite mama. Mpe maji, umwombe msamaha."

Alikwisha kuondoka. Nilisikia spika ikikokotwa sakafuni... ikirudi kwenye kona yake. Kaseti ikaanza. Besi ikajaa nyumba nzima, vikombe vikalia kabatini.

Ndu. Ndu. Ndu.

Nilitoka nikikimbia, leso ikiniponyoka. "Mwaniki! Mtoto atakufa huyu!"

Aliongeza sauti.

"Wacha agonge," alisema bila kugeuka. "Hata yule wa kwanza alichoka."