Vidole Ndani ya Kifua

Filamu ya kwanza iliharibika Jumatatu, saa nne asubuhi, na Balagizi akadhani ni kosa lake.

Alikuwa mpiga picha za mifupa na mapafu katika kituo kidogo cha afya huko Mugunga, kando ya barabara ya Sake. Mashine yao ilikuwa ya zamani. Bado ilitumia filamu zilizopakwa bromidi ya fedha, dawa inayogeuka nyeusi mwanga ukiigusa, ndiyo maana alizisafishia katika chumba cha giza, kwa taa nyekundu tu. Siku hiyo kifua cha muzee Nsengimana kilipojitokeza ndani ya beseni, katikati ya mbavu mlikuwa na mifupa ya vidole vitano, myeupe, imekamata pafu.

Muzee akafa kesho yake. Jumatano vidole vikaonekana kwa mama mmoja muuza makala ya kupikia. Naye hakuifikia Ijumaa.

Jumamosi akaletwa Christa, mdogo wake Balagizi, akikohoa.

Alimpiga picha, akajifungia gizani. Humo mlinuka nywele zilizoungua. Alipotumbukiza filamu, pumzi baridi ikampita shingoni.

"Usifungue mulango," sauti ikanong'ona. "Huyu ni wangu."

Vidole vikaanza kutokea, kimoja, kisha cha pili, na huko nje akamsikia Christa akikoroma kama mtu anayekabwa, naye akajua kwamba akifungua, mwanga utaunguza filamu za watu mezani na kazi yake itaishia hapo, lakini cha tatu kilipojikunja juu ya moyo aliusukuma mlango kwa bega, jua likamiminika ndani, na kitu kikalia kwa uchungu, kilio kirefu kilichokimbilia nyuma ya kabati.

Filamu ikawa nyeusi tii. Nje, Christa akavuta pumzi.

"Kaka," akasema, "imeniachia."

Docteur Valentin, mkuu wa kituo, akaja mbio.

"Weye uko na wazimu? Filamu zetu!"

"Docteur, usiingie. Mule muko kitu."

"Muko ujinga yako tu."

Akaingia kuokoa maboksi yaliyobaki, akafunga mlango nyuma yake.

Halafu sauti yake, ya chini, ikitetemeka:

"Balagizi... toa mukono yako kwenye shingo yangu."

Balagizi alikuwa uani, juani, amemkumbatia Christa kwa mikono yote miwili.