Gari la Mjomba Hugonga Asubuhi

Nyumba yetu ya mtaa wa Asafo, hapa Kumasi, ina vyumba vingi, ua mmoja na bomba moja la maji. Siri haina hata moja. Mtu akipiga chafya chumba cha mwisho, wa mlangoni anamwombea afya. Mimi nauza maharage na ndizi za kukaanga hapo getini. Kwa hiyo habari hunifikia zikiwa bado za moto.

Ilikuwa Januari. Upepo wa harmatani ulikuwa umeleta vumbi na baridi. Asubuhi watu walitoka vyumbani wamejifunika shuka, midomo imepasuka. Boakye, mpangaji wa chumba cha kati, akaenda kuwasha gari uani.

Tiki-tiki-tiki-tiki.

"Haya, ameamka," akasema Afriyie, mke wa Boakye. Alikuwa anachochea uji wa mahindi.

"Nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Nani mwingine, Mansa? Mjomba."

Mjomba Dwomoh alifariki mwaka uliopita. Kwetu mali ya mwanamume haiendi kwa mtoto wake. Inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Ndivyo gari lile kuukuu lilivyofika kwa Boakye, na lilikuja na agizo moja. Boakye amtunze Mama Pokuaa, mama yake mzazi, ambaye ni dada wa marehemu. Ampeleke kanisani. Ampeleke sokoni. Jumamosi ampeleke kwenye mazishi, maana hapa Jumamosi bila mazishi ni kama Jumapili bila kanisa.

Sasa, Mjomba Dwomoh alipokuwa hai hakuwahi kubisha hodi kwa mdomo. Aligonga mlango kwa pete yake. Tiki-tiki-tiki, upesi upesi, mpaka afunguliwe. Nyumba nzima tuliujua mlio ule wa pete. Gari lilipoanza kutoa sauti ile ile, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Ndiye," Mama Pokuaa alisema siku ya kwanza. "Kaka yangu hakuzaliwa na subira."

Tulicheka. Lakini baadaye kicheko kilikauka.

Kila Mama alipopanda gari lile, kichwa kilimuuma. Alisikia kichefuchefu. Macho yalimwia mazito, akasinzia. Akifika msibani, akikaa kwenye upepo na wenzake, kichwa kilipoa. Wakati wa kurudi kikaanza tena.

"Ananiita," alisema. "Nikikaa kwenye gari lake, ananivuta. Nikishuka, ananiachia. Siku moja hataniachia."

Akaanza kugawa nguo zake.

Afriyie alipewa kitambaa cha kente. Mimi niliitwa chumbani, nikapewa kitenge cha buluu, kile chenye maua ya mgongo wa kobe. Ua mzima ulikuwa unakitamani.

"Chukua, Mansa. Sitakivaa tena."

"Mama, usiseme hivyo!"

"Nikishakufa mtagombana. Bora nigawe nikiwa bado na mdomo."

Nilikipokea. Wewe ungekataa?

Usidhani Boakye alikaa kimya. Alilipeleka gari Magazine, kule Suame, ambako mtaa mzima ni gereji. Kule kila fundi ana kiungo chake. Huyu ni wa breki, yule ni wa taa, mwingine ni wa vali peke yake. Boakye alikwenda kwa fundi wa vali, maana vali za injini zikilegea hugonga hivyo hivyo. Alipita kwenye foleni ndefu ya magari. Alipofika, injini ilikuwa imepata moto na sauti haikuwepo.

Fundi alitega sikio. "Linagonga wapi?"

"Asubuhi lilikuwa linagonga!"

"Bosi, acha gari hapa, upeleke masikio hospitali."

Alirudi tena siku nyingine. Ikawa vile vile. Hapo maneno yakatapakaa uani. Chuma gani hiki kinachojificha kikimwona fundi? Chuma hakina aibu. Mwenye kujificha ni roho.

Basi akaja mzee wa ukoo na chupa ya pombe kali ya kuwamwagia waliotangulia.

"Washeni gari," aliamuru. "Nataka anisikie akiwa macho."

Boakye akawasha. Tiki-tiki-tiki. Mzee akamwaga tone, akaomba. Akamtaja Dwomoh. Akamtaja baba mdogo wa Dwomoh. Akataja watu ambao hata mama zao wamesahauliwa. Yule mzee hana sala fupi. Alivyoendelea, sauti ikazidi kufifia. Chupa ilipokwisha, gari lilikuwa linanguruma taratibu, bila kugonga hata mara moja. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka ndizi zikaungua.

Kesho yake alfajiri: tiki-tiki-tiki.

Mama Pokuaa alimwita Afriyie akampa hereni zake. Kisha akaacha uji kwenye bakuli.

"Hata maombi hayataki," alisema. "Ameamua."

Boakye alibaki amesimama na ufunguo mkononi. Siku hiyo nilimwona akitaka kulia, mwanamume mzima.

Kuna fundi mmoja anaitwa Ntiamoah. Hula maharage yangu kila asubuhi akienda Magazine. Kazi yake ni eksozi, yale mabomba ya kutolea moshi. Ana sauti kubwa mno. Ukimwambia jambo la siri, mtaa wa pili wanajibu. Alikuwa amesafiri kwao tangu Krismasi. Ijumaa moja akarudi, akakaa kwenye benchi langu. Uani Boakye alikuwa anawasha gari, na Mama ameshaketi mbele, kioo kimefungwa kwa ajili ya vumbi.

Tiki-tiki-tiki.

Ntiamoah akasimamisha kijiko hewani. "Nani ana eksozi inayovuja humu?"

"Chunga mdomo," nikamwambia. "Huyo ni Mjomba Dwomoh."

"Dwomoh si marehemu?"

"Ndiyo."

"Marehemu anavuja eksozi?"

Nikampiga na kitambaa cha kushikia sufuria. Kisha nikamweleza yote, kuanzia pete mpaka chupa. Hakucheka. Alinyanyuka akaingia uani na bakuli lake.

"Boakye, sauti hii ni ya asubuhi tu au ya siku nzima?"

"Asubuhi tu. Likipata moto linanyamaza."

"Ukikanyaga mafuta?"

"Linagonga haraka zaidi."

"Na huyu Mama mbona amejishika kichwa?"

"Kila akipanda gari huumwa," alijibu Afriyie.

Ntiamoah aliweka bakuli chini. Akaongea kwa sauti ya chini. Sikuwahi kuisikia sauti yake ya chini.

"Zima gari, Boakye. Zima sasa hivi. Mama, shuka. Njoo ukae huku kwenye upepo."

Alifungua boneti. Kabla ya yote akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya tena, akakitazama.

"Oili ipo. Anza hapa siku zote, haihitaji fundi. Oili ikipungua, vyuma vya juu vinasuguana vikavu na vinagonga."

"Fundi wa vali alisema gari halina kitu," Boakye alisema.

"Alilisikia likiwa la moto. Angesikia nini? Mlio wa vali mara nyingi unabaki hata injini ikichemka. Huu unaondoka. Na ungekuwa mzito, wa chini, ko! ko! ko!, ningekwambia usiwashe tena hata kusogeza uani. Sasa njoo utazame."

Alielekeza kidole pale bomba la moshi linapoungana na injini. Tuliinama wote, vichwa vikagongana. Pembeni mwa kiungo palikuwa na masizi meusi, kama ukutani juu ya kibatari.

"Moshi unatokea hapa. Hamniamini? Afriyie, nipe maji ya sabuni."

Fundi wa tairi wa jirani alileta pampu yake ya upepo. Injini ilikuwa bado baridi. Waliingiza mpira wa pampu kwenye bomba la nyuma, wakaziba pembeni kwa matambara. Ntiamoah akapaka maji ya sabuni kwenye kile kiungo.

Povu likachemka. Mapovu makubwa, moja juu ya jingine, kama chungu cha maharage kilichosahauliwa.

"Ehee!" ua wote tukasema.

"Katikati ya vyuma hivi viwili kuna gasketi, kipande chembamba cha kuzuia moshi usitoke," Ntiamoah alieleza. "Yenu imeungua. Chuma kikiwa baridi kinajikunja, mwanya unafunguka, moshi unaruka nje kwa vipande vipande. Hiyo ndiyo tiki-tiki. Chuma kikipata moto kinavimba, mwanya unabanwa, sauti inakufa."

"Kwa hiyo mzee alipoomba..." Boakye alianza.

"Mzee aliomba vizuri sana. Ila aliomba kwa muda mrefu, na gari linawaka."

Tuliangua kicheko. Mama Pokuaa hakucheka.

"Na kichwa changu?" aliuliza.

Ntiamoah alichuchumaa kwenye mlango wa mbele, akavuta zulia pale Mama anapoweka miguu. Palikuwa na tundu. Zamani lilipita bomba la kipoza hewa. Kipoza kikatolewa, tundu likaachwa.

"Mama, moshi wa gari una sumu. Sumu yenyewe haina rangi wala harufu. Moshi unatoka kwenye injini, unapita tunduni, unakujia wewe wa kwanza. Ukivuta kidogo, kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, unasinzia. Ukitoka nje, unapata nafuu. Ukivuta nyingi, unalala usiamke."

"Mbona mimi siumwi?" Boakye aliuliza.

"Wewe unaendesha na kiwiko dirishani kama mgombea wa kura! Mama anafunga kioo chake. Na hata sauti ikinyamaza, mwanya haujaziba wote. Kidogo bado kinapenya."

Mama alisogea, akaingiza kidole kwenye lile tundu.

"Kwa hiyo haniiti?"

"Hakuiti, Mama. Inayokuita ni eksozi. Usiitike."

Afriyie alimpeleka zahanati kwa miguu, polepole. Muuguzi alimpima, akamwambia amefanya vema kutoka garini mapema. Akamwonya pia asikae tena kwenye gari lile mpaka litengenezwe.

Boakye alilipeleka gari Magazine peke yake, vioo vyote wazi, akarudi mwekundu kwa vumbi kama tofali. Nilikwenda naye gereji mchana. Nilijiambia ninawapelekea chakula, lakini kusema kweli nilitaka kuona. Ntiamoah alisubiri injini ipoe. Alifungua kiungo, akatuonyesha bolti moja iliyokatika kichwa na gasketi iliyoliwa na moto kama karatasi. Alisugua chuma mpaka kikang'aa, akaweka rula juu yake kuona kama kimepinda. Akaweka gasketi mpya na bolti mpya.

"Ona," alimwambia Boakye. "Naanza kukaza za katikati, kisha naenda pembeni. Kidogo hapa, kidogo pale, halafu narudi. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, wa pili unainuka, na moshi unarudi pale pale."

Tundu la ndani aliliziba kwa kipande cha bati na mpira. Akapuliza upepo, akapaka sabuni. Povu halikuchemka.

Boakye akanyoosha mkono kumshukuru. Ntiamoah hakuupokea.

"Bado. Mchana kila gari ni zima. Nitakuja alfajiri nilisikilize likiwa la baridi."

Alfajiri ile hakuna aliyelala. Tulitoka na shuka zetu, watoto, wazee, mpaka mpangaji wa chumba cha mwisho anayechukia watu. Mama Pokuaa alisimama karibu na boneti. Boakye akageuza ufunguo.

Gari lilinguruma. Tukasubiri. Likaendelea kunguruma, laini, kama mtu anayepumua usingizini.

Watu wakashangilia. Boakye akamkumbatia Ntiamoah, Afriyie akamkumbatia mwenye nyumba kwa bahati mbaya. Mama akaweka kiganja chake juu ya boneti.

"Kimya," alisema.

"Mama, hufurahi?" Boakye aliuliza.

"Nafurahi, mwanangu. Lakini kila asubuhi alikuwa anagonga." Akapangusa vumbi la boneti. "Leo ndiyo amekufa."

Akalia. Siku ya mazishi ya kaka yake hakulia. Alikuwa na wageni wa kusalimia na vyakula vya kusimamia. Sasa alilia, na sisi tukamwacha alie. Ntiamoah alivua kofia. Hiyo ilikuwa mara ya pili kumwona bila kelele.

Siku hizi Boakye hupima oili kabla ya kuwasha gari, na akiwasha hafungulii redio kwanza. Anasikiliza. Ndipo anamwita Mama.

Jumamosi iliyofuata walikwenda msibani Bekwai. Walirudi jioni. Niliangalia mlango wa mbele kwa hofu. Mama alishuka mwenyewe, na alishuka anaongea. Mke mdogo wa huyo marehemu wa Bekwai amekuja na viatu vya dhahabu. Shemeji yao amekula sahani ya pili akijificha nyuma ya spika. Nilijua amepona. Mwenye kichwa kinachouma hawezi kuona viatu vya watu.

Akaja mpaka kwenye karai langu.

"Mansa."

"Naam, Mama."

"Kile kitenge changu cha mgongo wa kobe."

"Kipo kwa fundi cherehani, Mama."

"Ameshakata?"

"Bado, nadhani."

Alinitazama kuanzia kiunoni mpaka chini, akatikisa kichwa.

"Basi kimbia ukamwambie akate kwa kipimo changu. Nina mazishi mengi ya kwenda."

Niliacha ndizi kwenye mafuta, nikakimbia.