Kiatu Kimoja cha Zéphyrin

"Mkate umetoka jikoni, shemeji."

Nshombo alitazama saa. Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Ijumaa, Oktoba 2015.

"Anabeba mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Valise nyeusi, ya plastiki ya nguvu. Batu banataka kumusaidia, anakatala. Ameiweka kiti ya mbele, ameifunga mukaba kama mutoto."

"Gari?"

"Ile Sienna ya kanisa. Nyuma amejaza baffles za kuimbia."

Nzigire alikuwa nje ya ghala moja huko Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, amevaa kizibao cha kazi cha njano. Alifunga maboksi pale siku tano kwa wiki. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Mwanamke wa Bukavu mwenye simu sikioni wakati wa mapumziko, nani atashughulika naye?

"Nshombo."

"Naam, shemeji."

"Ile kiatu iko?"

Aligeuza macho kwenye kiti cha pembeni. Buti la kazi, la mguu wa kulia, lenye chuma puani. Ndani ya ulimi wake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: ZÉPHYRIN Z.

"Iko."

"Bon. Umupelekee."

Akakata simu.

Nshombo akakanyaga mafuta. Ford Fusion ikaingia barabara ya I-71 kuelekea kaskazini. Mtu ambaye Nshombo alikuwa akimwinda alikuwa nyuma yake, kilomita hamsini.

Ndiyo. Nyuma. Alikuwa akimfuata kwa kumtangulia.

Aliyekuwa kwenye Sienna aliitwa Festus Mwaura. Mhandisi. Nyumba nzuri Amherst, karibu na Buffalo, kazi ya ukaguzi Louisville wiki mbili kila mwezi. Shemasi. Suti ya kijivu, sauti ya asali, Biblia yenye zipu.

Miezi minane iliyopita, paleti tatu za chuma zilianguka kutoka kwenye rafu za ghala lile na kumponda dereva wa foklifti aliyeitwa Zéphyrin Zihindula. Siku hiyohiyo kikapotea kisanduku kimoja. Ripoti ikaandikwa haraka: marehemu alipanda rafu ili aibe. Aliyeisaini ni mkaguzi, Festus Mwaura.

Siku ya mazishi, Mwaura ndiye aliyeomba. Alimshika Nzigire mikono yote miwili mbele ya jeneza, akafumba macho, akamwomba Mungu amsamehe mwizi.

Mjane alirudishiwa kiatu kimoja. Cha pili hakikuonekana.

Zéphyrin alikuwa kaka yake Nshombo, tumbo moja. Jioni moja kabla ya kufa alikuwa amempigia simu. "Ndugu yangu, ule shemasi anakujaka hapa siku ya Mungu, peke yake, anahamisha maboksi. Donc, ni kazi ya namna gani hiyo?" Nshombo alimjibu watazungumza kesho.

Kesho haikuja.

Simu ililia tena. Chebet, mkuu wake katika kikosi cha serikali cha kunasa majasusi. Mzaliwa wa Eldoret, hakuwa mtu wa salamu.

"Uko wapi?"

"Mbele yake."

"Good. Sikia. Hiyo kitu ikivuka Peace Bridge kuingia Canada, imeenda. Hatutaiona tena."

"Najua."

"Unajua, lakini unajua kweli?"

Alijua. Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo kama mkate wa boflo. Kilitengenezwa kwa ajili ya ndege mpya za kivita, zile za majaribio. Zamani rubani alipigana kwa macho yake na rada yake. Akiwasha rada, adui anamwona. Siku hizi ndege ya mbele hunyamaza, rada imezimwa, inateleza kama paka. Ya nyuma ndiyo inayotazama. Inachoona ya nyuma, ya mbele inakiona kwenye kioo chake. Hii inafyatua kombora, ile inaliongoza. Ndege nne, jicho moja. Na lugha ambayo ndege hizo hunong'onezana kwayo imo ndani ya kile kisanduku.

Atakayekipata atasikia minong'ono yote. Mbaya zaidi, ataweza kunong'ona na yeye. Ataonyesha ndege ambazo hazipo. Ataficha zilizopo.

"Na tusirudie ujinga wa mwezi jana," Chebet alisema.

Mwezi jana kikosi kilibandika kifaa cha kufuatilia chini ya ile Sienna. Mwaura alikikuta ndani ya saa moja. Kiunoni alivaa kidude kinachotetemeka kikinusa mawimbi ya redio. Alikibandua kifaa, akakibandika kwenye lori la taka, na maafisa sita wakafukuza uchafu hadi jalalani.

Kwa hiyo Nshombo alikuwa ameamua kupigana kama zile ndege. Yeye mbele, kimya. Macho awaachie wengine. Na macho hayo hayakutoa mawimbi yoyote, kwa sababu yalikuwa macho ya akina mama wa kwaya.

"Namtaka mzima, Nshombo," Chebet alisema.

"Mzima utampata."

"Umesema hivyo na sauti mbaya."

"Nina sauti moja tu, mkuu."

* * *

Columbus. Saa tano na nusu.

Kanisa lilikuwa duka la zamani la fanicha. Mwaura alikuwa ameahidi kuwaletea spika za harusi ya Jumamosi. Ilikuwa kinga yake nzuri: polisi gani atapekua gari la kwaya?

Nshombo aliacha simu garini, mtaa wa tatu. Aliingia kwa mlango wa jikoni. Akavua viatu, akabaki na soksi. Kwenye meza kulikuwa na unga wa muhogo na mizani.

Mama Emérence alikuwa akimsubiri. Mwanamke mnene, mfanyakazi wa nyumba ya wazee, mikono ya kunyanyua watu wazima.

"Kilo ngapi?"

"Mbili na nusu."

Walishindilia unga ndani ya buti mpaka mizani ikakubali. Emérence akalifunga mdomo kwa mfuko.

"Huyu muzee hatafungua macho?" Nshombo aliuliza.

"Shemasi? Mbele ya bamama?" Alicheka. "Papa, atapenda kufa kwanza."

Sienna ilifika. Spika zikashushwa. Mwaura aliingia na valise yake, lile sanduku jeusi, mkononi, tabasamu limepangwa.

"Praise God, mama zangu! Sikai. Nina safari ndefu hadi Buffalo."

"Haukai, sawa," Emérence alisema. "Lakini hauendi bila maombi ya njia. Tushikane mikono."

Mwaura alisita. Nukta moja tu. Angekataa, jioni ile makanisa yote ya miji mitatu yangejua kwamba shemasi amekataa kuombewa. Akaitua valise nyuma ya visigino vyake. Emérence akaukamata mkono wa kulia. Mama mwingine akaukamata wa kushoto.

"Tufumbe macho."

Akafumba. Alikuwa akifumba hivyo tangu utotoni, kila alipoambiwa. Aliweza kudanganya mashine na serikali. Neno lile moja mwili wake uliitikia wenyewe.

"Eeee Baba!" Emérence alianza, na akina mama kumi na wawili wakaanza pamoja naye, kila mtu na maombi yake, kwa sauti ya juu.

Nshombo akatoka jikoni.

Hatua saba. Soksi hazikutoa sauti. Akapiga magoti nyuma ya adui yake, karibu kiasi cha kunusa manukato yake. Shingo ilikuwa pale. Nyeupe kola, nyeusi shingo. Bastola yake ya SIG Sauer ilimlemea ubavuni.

Si sasa.

Alitoa kipande cha kopo la Coca-Cola kilichokatwa kwa mkasi. Akakipenyeza kwenye kufuli la Master Lock, akakizungusha. Kufuli likaachia. Kisanduku kilikuwa kimelala ndani ya sponji. Akakitoa. Akaweka buti.

"Mama, amina," Mwaura alisema juu yake. "Nimechelewa..."

Kope zilicheza. Jicho moja lilianza kufunguka.

Emérence, mwombaji pekee aliyekuwa na macho wazi muda wote, akaubana mkono ule mpaka vifundo vikalia.

"Shemasi, funga macho! Kwa mulango wazi ndiyo Shetani anapitaka!"

Jicho likafungwa.

Kufuli likabofya. Sauti yake ikamezwa na haleluya kumi na mbili.

Maombi yalikwisha baada ya dakika kumi na moja. Mwaura aliinua valise, akaupima uzito wake kwa mkono, akatabasamu. Kidude cha kiunoni hakikutetemeka hata mara moja. Kitetemeke kwa nini? Buti halina redio.

Dakika tano baadaye Nshombo alikuwa barabarani.

"Kisanduku ninacho," alimwambia Chebet.

"Aki! Basi mkamate hapo hapo!"

"Kwa kosa gani? Kubeba kiatu? Na mnunuzi je?"

"Mpango wako ni gani?"

"Jolie, mama mwingine wa kwaya, anasafisha ofisi ya ghala la vigae, Buffalo, Lower West Side. Shemasi ndiye aliyemtafutia kazi. Jana amempigia, eti leo jioni asikanyage pale."

"Aah."

"Atakanyaga kidogo tu. Kabla yao."

* * *

Buffalo. Saa kumi na moja na nusu. Jua lilikuwa bado juu ya mto, na ng'ambo yake ilikuwa Canada.

Nshombo alisimama ndani ya duka la kufulia nguo, akiegemea mashine ya kukausha. Mkononi alishika simu ya waya ya duka. Upande wa pili wa waya, ng'ambo ya barabara, simu ya mezani ya ghala la vigae ilikuwa wazi, spika imewashwa, imefunikwa na kitambaa cha vumbi.

"Nimeiacha vile ulisema," Jolie alimwambia akivua glavu. "Bon, naenda. Batoto banangoja ku nyumba."

Waya hautoi mawimbi. Chebet alikuwa ameunganishwa, anarekodi. Watu wake kumi walikuwa kwenye magari mawili ya mafundi bomba. Walikubaliana: laini iko sikioni mwa Nshombo, neno la kuingia ni la Nshombo.

Kwenye waya, mlango wa ghala uligongwa. Viatu vya watu watatu: mmoja akiingia, wawili wakimpokea.

"Umechelewa," sauti ngeni ilisema kwa Kiingereza kizito.

"Nilikuwa naombewa," Mwaura alijibu, akacheka.

Kufuli. Mfuniko.

Hakuna aliyecheka tena.

"Hii ni nini?"

"Mimi... hapana. Hapana, hapana. Ilikuwa humu!"

Kitu cha chuma kiliteleza na kubofya. Nshombo aliijua sauti ile. Bastola imekokiwa.

"Nimelipa kisanduku, umeniletea kiatu. Nahesabu mpaka kumi. Kisanduku kiko wapi? Moja."

Nshombo alikaribisha mdomo kwenye simu. Akasema kwa Kiswahili, polepole.

"Shemasi Mwaura. Tuombe."

Chini ya kitambaa, ile simu ilizungumza. Mnunuzi alilaani kwa lugha yake. "Nani huyo? Umemleta nani? Mbili. Tatu."

"Soma jina ndani ya kiatu," Nshombo alisema.

"Nani wewe? Ingia! Wataniua!"

"Soma."

"Nne."

"Zéphyrin..." Sauti ya asali ilikuwa imekatika. "Wewe ni mdogo wake. Tafadhali, ndugu yangu, nikamate! Nimekubali!"

"Tano."

Sikio la pili, lenye kipokezi cha kikosi: "Nshombo, ingia," alisema Chebet.

"Nani alimwua?" Nshombo aliuliza.

"Ilikuwa ajali!"

"Sita."

"Basi kwaheri, shemasi."

"Mimi! Ni mimi! Nilizisukuma zile paleti! Alinikuta naficha hiyo kitu!"

"Alikukuta nani?"

"Yule Mkongo! Yule wa foklifti!"

"Ana jina."

"Saba."

"Nshombo! Ni amri!"

"Zéphyrin! Zéphyrin Zihindula! Hakuiba kitu! Hakupanda rafu! Ripoti niliandika mimi, uongo mtupu, niliandika mimi!"

"Nane. Tisa."

Nshombo alivuta pumzi. Nukta moja nzima aliifikiria ile kumi.

"Sasa," alisema.

Vioo vilipasuka. Risasi moja ililia, vigae vikamwagika kama sahani za harusi. Kelele, magoti sakafuni, pingu. Kisha Chebet: "Wote watatu. Wazima."

Nshombo alirudisha simu mahali pake. Alimshukuru mwenye duka. Akavuka barabara bila haraka.

Mwaura alikuwa amekaa kati ya vigae vilivyovunjika, risasi imepita sentimita mbili juu ya kichwa chake. Suti ya kijivu ilikuwa imelowa mapajani.

"Ungewaacha waniue," alinong'ona.

"Ningewaacha. Lakini jina ulilisema lote." Nshombo alitoa pingu zake mwenyewe. "Leta mikono, shemasi. Yote miwili."

Mwaura aliileta. Pingu zilipobofya, akafumba macho.

"Fungua," Nshombo alisema. "Leo nataka uone."

Alilichukua buti mezani. Akamwaga unga sakafuni, wote, akalipigapiga kisigino mpaka likawa jepesi. Chebet alimsimamisha mlangoni, uso umekunjamana.

"Nilisema uingie kwenye tano, ukangoja tisa. Tutaongea."

"Kesho, mkuu."

Nje, upepo wa ziwa ulikuwa baridi. Alimpigia Nzigire simu nyumbani. Ililia mara moja tu.

"Amesema?" Nzigire aliuliza.

"Amesema."

"Kwa jina?"

"Jina lote. Na kwamba hakuiba. Imerekodiwa."

Nyuma ya mjane mtoto aliuliza kwa Kiingereza nani anapiga.

"Bon," mjane alisema. "Nirudishie kiatu yangu."

Nshombo alilitia buti kwapani, akaenda zake.