Kisanduku cha Uzito

Jumanne, tarehe 12 Machi, mwaka 2019, Chapuchapu alitoka shuleni akapitia zahanati, kama ilivyokuwa desturi yake. Shangazi yake, aliyeitengenezea zahanati programu ya kompyuta, alikuwa akimfunza kazi hiyo. Juma lililopita alimkabidhi atengeneze kisanduku kimoja tu cha kwenye skrini: kile ambamo muuguzi huandika uzito wa mtoto ili kompyuta ikokotoe kipimo cha dawa.

"Iko siku mtu ataandika 'mzito kama gunia'," shangazi alimtania. "Kisanduku kiseme sikubali."

Alimpa orodha ya majaribio kumi: aandike herufi, aache wazi, atie mkato badala ya nukta, apitishe kilo arobaini, na mengineyo. Chapuchapu alijaribu mawili, yakamchosha, akatia alama ya vema kwenye yote kumi, akamrudishia shangazi karatasi, na kisanduku kikaanza kutumika.

Siku hiyo alikuta daktari, muuguzi na watu wengine wameinamia kitanda. Mtoto wa muuza maziwa, wa miezi tisa, alikuwa amepewa dawa ya degedege, na sasa haamki; midomo imegeuka samawati, pumzi inakuja kwa kusitasita. Muuguzi aliapa kwamba ametoa kipimo kilekile kilichoonyeshwa na kompyuta. Muuza maziwa hakulia. Alikuwa akiusugua unyayo wa mwanawe.

Chapuchapu alijipenyeza hadi kwenye kompyuta. Kadi ya mtoto ilisema 8,5. Kisanduku kilikuwa kimeufuta mkato, kikabakiza 85. Akiifuta namba ile, nani angejua? Aliiacha kama ilivyo, akageuka.

"Daktari," alisema, "dawa imezidi mara kumi. Kisanduku nilikitengeneza mimi. Sikukijaribu ipasavyo."

Daktari hakupoteza muda kumkemea. Aliagiza mtoto asaidiwe kupumua, kisha akamkimbiza hospitali kuu. Siku ya tatu mtoto alifumbua macho. Muuza maziwa alishukuru kila mtu isipokuwa Chapuchapu.

"Mwanangu," shangazi alimwambia, "alama uliyotia bila kujaribu ni uongo, hata kama hukufungua kinywa. Ukweli wako ndio uliompa daktari pa kuanzia. Nami nina kosa: nilipokea karatasi yako bila kuhakiki. Keti, tuanze na jaribio la kwanza."

Walijaribu yote kumi, moja baada ya jingine, hadi kisanduku kikakataa kila kosa.

Nawe uliyesoma, msimulie mwenzako anayetia alama ya vema kwenye kazi ambayo hakuifanya.