Makapi ya Zeituni Yamekuwa Gesi

Thierry na mkewe Victorine wana kinu cha kukamulia zeituni mtaani Malvern, jijini Johannesburg. Walikuja Afrika Kusini kutoka Bukavu. Msimu wa zeituni ukifika, wakulima huleta magunia kwa magari yao. Thierry husaga, Victorine huchuja. Mafuta hutoka ya kijani, yenye harufu nzuri.

Lakini mafuta ni sehemu ndogo tu ya zeituni. Kinachobaki ni makapi mengi na maji meusi. Thierry alikuwa akiyamwaga maji hayo kwenye mtaro nyuma ya kinu.

Siku moja Mama Orpha aligonga mlango. Yeye ni jirani yao. Hulima mboga uani kwake, na huwapikia watoto chakula cha mchana kanisani.

"Victorine, njoo uone," alisema.

Mtaro ulikuwa umefurika. Maji meusi yalikuwa yamesambaa bustanini. Lengalenga, yaani mchicha wake, zilikuwa zimelala chini, majani yameungua.

"Eish, Mama Orpha!" Victorine alishika kichwa. "Ni maji yetu haya."

"Ndiyo, ni yenu. Sikuja kugombana. Lakini watoto nitawapikia nini?"

Victorine alirudi akazima mashine.

"Unafanya nini?" Thierry aliuliza. "Wateja wanangoja."

"Wangoje. Hatutamwaga tena hata tone moja."

"Basi tutayapeleka wapi?"

Victorine alitafuta mapipa yenye vifuniko, wakaanza kuyahifadhi maji humo. Baada ya ibada ya Jumapili alimfuata Kagendo, Mkenya anayefundisha chuo kikuu habari za bakteria. Kagendo alikubali kuja. Alifunua pipa, akanusa, akatabasamu.

"Mama Victorine, hii ni gesi ya kupikia. Bado tu haijatoka."

"Gesi? Kwenye uchafu huu?"

"Kuna vijidudu wadogo sana, hawaonekani kwa macho. Ukiwafungia mahali pasipo na hewa, hula uchafu na kutoa gesi. Gesi hiyo inawaka. Tunaiita bayogesi."

Thierry alicheka. "Maji haya yameua mboga. Hayo madudu yako yatapona?"

"Umeuliza vizuri, Papa Thierry. Maji ya zeituni ni makali. Yana asidi, na yana kemikali zinazoua vijidudu. Kwa hiyo hatuanzi nayo. Tunaanza na samadi ya ng'ombe, maana vijidudu wamo humo tayari. Wakishazoea, tunawapa zeituni kidogo kidogo."

Mkulima mmoja aliwaletea samadi. Walifukia tangi nusu ardhini, nje, mbali na moto. Kwa sababu ya baridi ya Johannesburg, walilifunika kwa nailoni nyeusi ili livute joto la jua. Fundi wa gesi mwenye leseni alifunga mabomba, valvu za kufungulia na kufunga gesi, na mfuko wa kuikusanyia. Aliweka pia chombo chenye vipande vya chuma, cha kusafisha gesi.

"Mkisikia harufu ya mayai yaliyooza, msiwashe hata kiberiti," Kagendo aliwaonya. "Fungeni valvu, ondokeni hapo, mwiteni fundi."

Wiki zilipita bila kitu. Thierry alikata tamaa, Victorine hakukata. Kila asubuhi alikwenda kulitazama tangi. Hatimaye mfuko wa gesi ulivimba. Fundi alikagua, kisha akawasha jiko. Moto wa buluu ukatoka.

Victorine alipiga vigelegele. Kwa furaha alimimina makapi ndoo baada ya ndoo. Siku chache baadaye moto ulififia, ukazimika.

"Nimewaua!" alimwambia Kagendo kwa simu, karibu kulia.

Kagendo alikuja akapima asidi ya tangi. "Hawajafa. Wamelemewa. Acha kuwalisha kwanza. Tutatia chokaa kidogo kupunguza asidi, na samadi mpya. Halafu tusubiri."

Walisubiri. Safari hii hata Thierry alikuwa akienda kutazama. Gesi iliporudi, ni yeye aliyekimbia kumwita mkewe.

Sasa Victorine hulisha tangi kwa kipimo, samadi na zeituni pamoja. Maji meusi hukaa ndani ya mapipa na kutumika polepole mwaka mzima. Makapi yanayozidi, wakulima huyarudisha shambani kutengeneza mboji. Mtaro ni mkavu. Gesi huchemsha maji ya kuoshea mashine, na bomba moja limefika jiko la nje la Mama Orpha. Tope linalotoka kwenye tangi, Kagendo hulipima kwanza. Likiwa salama, Mama Orpha hulichanganya na udongo kabla ya kupanda.

"Nimefundisha watu wengi," Kagendo alimwambia Thierry, "lakini mtu mwenye subira kama mkeo sijamwona."

Msimu huu mkulima mwingine alikuja na magunia yake. Aliona jiko likiwaka, akaduwaa.

"Na mimi nataka tangi kama hili," alisema. "Makapi ninayo mengi. Nikifika nyumbani nayamimina yote."

Victorine aliweka ndoo chini, akafuta mikono.

"Hapana, baba," alisema. "Una ng'ombe? Twende nikuonyeshe pa kuanzia."