Ng'ombe Kumi na Wawili wa Limi

Kra. Kra. Vumilia aliusikia mlio huo kabla hajapenya kundi la watu: kisu kikikwaruza kana kwamba kinakata mchanga. Ilikuwa Alhamisi ya Oktoba, saa moja na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwa Mzee Mageni, Samuye.

"Mwangaluka, baba," alisalimu afisa mifugo huyo.

"Mwangaluka. Njoo uone unyama wa wakwe!" Mageni alimwonyesha ng'ombe aliyeanguka alfajiri, akawahiwa kuchinjwa. "Mmoja wa kumi na wawili wa mahari ya Limi. Wamenipa ng'ombe wenye sumu. Jumamosi hakuna harusi!"

Limi, binti yake, alisimama mlangoni akifuta machozi. Miguuni pake buti za baba yake zilianikwa juani, zimeganda tope.

Wilbard, mchumba wake, alikuwa ameshafika kwa pikipiki. "Baba, niitilie sumu mali iliyonipa mke? Nina wazimu?"

"Wewe si mchimbaji wa dhahabu? Zebaki unaishika kama chumvi!"

Vumilia aliliomba ini. Mirija yake ilikuwa migumu kama bomba. Ndiyo iliyokikwaruza kisu. Akaikamua. Wakatoka minyoo bapa, kama majani.

"Zebaki haina hatia. Hawa ni minyoo wa ini. Hukulia ndani ya konokono wa majini, kisha ng'ombe huwameza pamoja na majani mabichi ya ukingoni mwa maji."

"Basi ng'ombe wamekuja nao kutoka kwa wakwe!"

Saa nne Vumilia alipanda pikipiki ya Wilbard kwenda kulikagua zizi la kwao. Ng'ombe wa huko walikuwa wamenona, na walinyweshwa kisimani. Saa saba alirudi kukagua kundi la zamani la Mageni kwenye ngitili, malisho yake ya akiba: wazima. Ila wale kumi na mmoja waliobaki wa mahari walikuwa na uvimbe chini ya taya, na kope zao kwa ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi. Akarudi nyumbani kwa Mageni.

"Wale wa mahari walifika Aprili. Tangu hapo wanalishwa wapi, baba?"

"Ngitilini, na wenzao."

"Na lamboni, kwenye bwawa la kijiji, je?"

"Lamboni! Mwenyekiti wa kamati ya maji ni nani? Mimi ndiye niliyepiga marufuku mifugo ukingoni!"

Vumilia aliokota buti moja pale mlangoni. "Mvua haijanyesha Samuye tangu Mei. Tope hili la wapi?" Akaigonga ukutani. Tope likapukutika, na ndani yake konokono mdogo.

Watu wakaguna. Wa kwanza kucheka alikuwa Limi. "Baba! Lambo lenyewe liko kando ya barabara!"

Mageni aliketi chini. "Ngitilini nani angewaona? Kumi na wawili, wote weupe! Basi likipita, abiria wanachungulia madirishani. Nilitaka dunia ijue binti yangu anaolewa kwa heshima. Kila jioni niliwapeleka mwenyewe."

"Ungeniambia, baba," Wilbard alisema akishika mbavu, "ningebandika picha zao kwenye basi zima!"

"Leo wote wanapata dawa," alisema Vumilia, "nikiwapima uzito kwa utepe, si kwa kukisia. Tutarudia baada ya miezi miwili. Maji wanywe kwenye birika la mifugo, mbali na lambo. Na harusini asichinjwe hata mmoja wao, maana dawa itakuwa bado nyamani."

Mageni alisimama, akamshika Wilbard mkono, akamgeukia binti yake.

"Limi, mwanangu, hawa wote ni mashahidi. Jumamosi unaolewa. Na kesho asubuhi nakata miiba kwa mikono yangu, nalizungushia lile lambo lote. Anayetaka kuwaona ng'ombe wako, atatembea kwa miguu mpaka ngitilini!"